Mkate Ulioitwa Mbonea

Harufu ilinikuta uani nikifua mashuka. Ilikuwa ya nyanya iliyoungua kidogo, kitunguu saumu, pilipili kavu, na mkate uliolowa moto. Niliacha shuka ndani ya beseni nikaenda jikoni mikono ikidondosha povu. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi kwenye nyumba ya wageni pale Moshi, kazi yangu ya kumi na ngapi sijui, maana mimi ni mtu wa kukaa mahali mpaka niyajue yote ya pale, kisha nafunga mzigo. Jikoni alikuwamo mgeni mmoja, dada wa Kimeksiko aitwaye Lupe. Alikuwa amepasua mkate mgumu, ameujaza nyama, ameulaza kwenye bakuli, na sasa alikuwa akiumiminia mchuzi mwekundu mpaka ukabaki mgongo tu, kama kiboko bwawani.

Nilimuuliza kinaitwaje. Kwa Kiswahili chake cha miezi miwili, na kwa mikono pale maneno yalipomwishia, alinieleza kwamba kwao kinaitwa torta ahogada, yaani mkate uliozama, uliokufa maji kabisa. Nikauliza ni nani aliyeuita hivyo. Lupe alicheka, akasema katika mji wao, Guadalajara, kila mtu ana hadithi yake. Wapo wanaosema muuza mikate mmoja alidondosha mkate kwenye sufuria ya mchuzi, na mteja aliyekuwa akiusubiri akamwambia, umeuzamisha huo. Wapo wanaosema haukudondoka, ila mteja aliomba aongezewe mchuzi, akaongezewa, akaomba tena. Jina la muuzaji wengine wanalitaja hili, wengine lile.

"Na la yule mteja?" nikauliza.

"Hakuna anayemjua."

Nilikaa kwenye kigoda na povu langu mikononi. Wa kwao hajulikani. Wa kwetu mimi namjua, na kuna mwaka nilimzika.

Nililelewa kwenye kambi ya shamba la mkonge, chini ya milima ya Upare, upande ambao unaweza kuiona mvua ikinyesha kule juu huku wewe unapangusa vumbi machoni. Baba yangu, Mbonea, alishuka kutoka Mamba, akaiacha tangawizi ya baba yake, akawa mkata mkonge. Mama alishuka kutoka Mhezi akimfuata. Majirani zetu walitoka Kigoma, Singida, Songea, na kwa majina ya sehemu hizo nilianza kutaka kujua dunia inaishia wapi. Shule baadaye niliiacha kabla haijaniacha, lakini nilichukua humo jambo moja lililonikaa: kwamba mkonge wenyewe ulitoka Meksiko. Nilipomwambia Lupe hivyo, alisema ndiyo maana alipopita Same kwa basi alidhani amelala akaamkia kwao.

Mama alikuwa na kibanda kando ya njia ya kwenda mashineni. Aliuza chai, uji, maharage, na skonsi zilizoletwa kutoka Same mara mbili kwa wiki. Siku ya kwanza zilikuwa laini. Siku ya tatu ungeweza kupigilia msumari nazo.

Sasa, asiyewahi kukata mkonge hajui kwamba jani lake lina maji yanayowasha. Mkataji huanza giza halijaisha, na jua likishapanda anatoka shambani mikono imekauka utomvu mpaka viwikoni, na chini ya utomvu kuna vijeraha vya miiba. Ukinawa, muwasho ndio unaamka. Baba aligundua kwamba akishika mkate kwa mikono ile, midomo inamuwasha mpaka jioni. Basi akaacha kuushika. Alimwomba mama achukue skonsi ya siku ya tatu, aipasue, aijaze maharage, ailaze kwenye bakuli la bati, kisha aimwagie mchuzi wa nyanya na pilipili unaochemka mpaka uifunike. Ile iliyokuwa ngumu ndiyo iliyofaa, kwa sababu ilikunywa mchuzi bila kusambaratika. Baba alikula kwa kijiko, kijiko chake kilekile kila siku, chenye shingo iliyopinda, na mkono wa pili aliuweka hewani vidole vimetanuka kama bibi harusi aliyepakwa hina.

Wenzake walimcheka. Mzee Chilumba, mkataji mkongwe kutoka kusini, karibu na mto Ruvuma, alisema Mpare huyu ameota jino la kwanza, ndiyo maana analishwa vya kulowekwa. Wiki iliyofuata yeye mwenyewe aliketi kwenye benchi, akatazama mikono yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Nakundwa, hebu nipe kama cha Mbonea." Mwezi haukuisha kabla benchi zima halijaanza kula kwa kijiko.

Kisha mashine ya kuchana majani ikaharibika. Korona, ndivyo tulivyoiita, ilinyamaza, na kambi yote ikawa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia. Walisema kipuri kinasubiriwa. Mikate iliendelea kuuzwa kwa wachache waliobakishwa kupalilia, lakini wengi waliondoka kutafuta vibarua. Baba hakuwa mtu wa kukaa akisubiri, na hilo nimelirithi zima zima. Alikwenda Mirerani na wenzake wawili, kuchimba mawe ya thamani. Nilimsindikiza mpaka kwenye reli. Aliniambia atarudi korona ikianza kulia, akanikabidhi kofia yake ya kukatia mkonge niipeleke nyumbani.

Hapa ni lazima nieleze jambo la majina, maana bila hilo hutanielewa. Kwetu jina la mtoto haliokotwi. Mimi ni Nakundwa kwa sababu mama yake baba alikuwa Nakundwa. Niliwahi kupelekwa Mamba nikaonyeshwa kaburi lake pembeni mwa migomba, na shangazi akanishika bega akasema, huyo ndiye wewe. Binamu yangu mkubwa alibeba jina la babu, na kaburi la babu lilikuwa hapohapo, hatua tatu kutoka la bibi. Mdogo wangu, Eliamani, aliyekuwa bado wa mgongoni, alipewa jina la baba yake mama, kule Mhezi. Huyo sikuwahi kumwona. Mama akimtaja alishusha sauti, akatazama pembeni, kama watu wanavyofanya wanapomtaja marehemu.

Nikajumlisha mwenyewe. Jina ni kama gauni, haliwezi kuvaliwa na watu wawili kwa wakati mmoja. Linahama pale mwenyewe anapoliacha. Hakuna aliyenifundisha hivyo, na hakuna aliyenisahihisha, kwa sababu mimi niliyekuja kuuliza kila kitu maishani, hilo moja sikuliuliza.

Ilikuwa asubuhi ya mawingu, wiki kadhaa baada ya baba kuondoka. Mzee Chilumba alikuja na kijana mmoja wa Kigoma, wakakaa. Na bila kuinua kichwa Mzee Chilumba akasema, "Mama Nakundwa, tuletee Mbonea wawili. Wa huyu usimtie pilipili, kwao hawajazoea shida."

"Mbonea wawili wanakuja," mama akajibu.

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilimtazama mama usoni nikisubiri kitu. Alipasua mkate wa kwanza, akajaza maharage, akamimina mchuzi. Hakulia. Alikuwa hata anaimba kidogo kwa pua, kama alivyozoea.

Leo najua kilichotokea. Baba alipokuwapo, watu walisema nipe kama cha Mbonea, kwa sababu Mbonea mwenyewe alikuwa ameketi palepale na bakuli lake. Alipoondoka waliona uvivu wa kusema maneno yote hayo. Lakini mimi nilisikia kitu kingine kabisa. Nilisikia kwamba baba amekufa huko shimoni Mirerani, kwamba wakubwa wote wanajua na wananificha, na kwamba kwa kuwa hajapata mjukuu, jina lake limekosa mtoto wa kulichukua. Likapewa mkate lisije likapotea.

Kuanzia hapo kila asubuhi ilikuwa msiba, na waliokuja msibani walikuwa wanatania. Mmoja alitaka Mbonea mdogo, mwingine alimlalamikia mama kwamba Mbonea wa jana alikuwa na chumvi. Kijana wa Kigoma, aliyepona uoga wa pilipili, alijisifu kwamba amewamaliza Mbonea watatu bila kunywa maji. Mimi ndiye niliyepeleka mabakuli. Niliyabeba kwa mikono miwili, polepole, bila kutazama ndani. Nikiyarudisha matupu nilihisi nimefanya jambo baya ambalo siwezi kuliungama. Mkate niliacha kuula kabisa. Mama alidhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu ya majani, nami niliinywa bila ubishi. Niliona inanistahili.

Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akimlilia baba, nikaona nimlilie mimi. Mwili wake ulikuwa mbali, ila kijiko kilikuwapo, kimechomekwa kwenye makuti juu ya mlango wa kibanda, ambako alikiacha. Nilisubiri mama aende kisimani. Nikakitoa, nikakifunga kwa kitambaa kilichochanika, nikachimba kwa kisu nyuma ya nyumba, mahali ambapo maji ya mvua hayapiti. Nikakilaza kichwa upande wa milimani, kuelekea Mamba. Niliimba wimbo mmoja wa kanisani niliokuwa najua ubeti wake wa kwanza tu, nikaurudia mara tatu ili uwe na urefu wa mazishi. Juu nikaweka mawe manne.

Mama alikitafuta kile kijiko siku mbili nzima. Aliuliza kila mtu aliyekula kwenye benchi. Aliniuliza na mimi, nikasema sijui. Kwa kweli alipokuwa akikitafuta kwa bidii ile nilizidi kuamini. Kwa nini mtu atafute hivyo kijiko cha mtu aliye hai?

Masika yakaingia na Eliamani akashikwa na homa, ikapona, ikarudi. Jumapili moja mama alituvalisha nguo zetu nzuri, mimi gauni jeupe la kanisani, akafunga kibanda, akasema tunakwenda Mhezi. Nilielewa. Matanga ya baba, mwishowe. Tulipanda gari la mizigo mpaka lilipogoma kwenye tope, tukamalizia kwa miguu, mama na mtoto mgongoni, mimi na kapu. Ukungu ulitulowesha nywele. Sikuwahi kusikia baridi ya namna ile, nikadhani ndiyo baridi ya nyumba yenye msiba.

Tulipofika hapakuwa na watu. Palikuwa na nyumba ya bati, mibuni michache, na mzee mmoja aliyekuwa akitoka zizini na mabaki ya majani mikononi. Mama alisimama mbali naye. Alipiga goti palepale kwenye unyevu.

"Shikamoo, baba."

Mzee alisimama palepale na majani yake. Mambo yao niliyajua nilipokuwa mkubwa: yeye alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri, na binti yake aliondoka na Mkatoliki wa Mamba, mkata mkonge. Tangu siku hiyo hawakuwa wamesemezana. Mimi niliona tu mzee anayemtazama mama yangu, kisha anautazama mgongo wake, ambapo kichwa cha Eliamani kilikuwa kikichungulia.

"Marahaba," alisema. Halafu, "Huyo anaitwa nani?"

"Eliamani," mama akasema, kwa sauti ileile ya chini.

Majani yalimdondoka mzee. Alisema, taratibu, "Eliamani ni mimi."

Nilishindwa kunyamaza. Niliweka kapu chini nikauliza, "Babu, kwani wewe hujafa?"

Mama alinishika mkono kwa nguvu, akaniambia kwa Kipare maneno ambayo sitayaandika. Lakini mzee aliinua kiganja kumzuia. Aliinama mpaka macho yetu yakalingana.

"Nani kakwambia nimekufa?"

"Hakuna. Lakini jina lako analo huyu."

Nikaona uso wake ule mgumu unaanza kulegea kuanzia kwenye mashavu. "Analo," alisema, "na mimi ninalo. Hatujagombania bado."

"Mnaweza kuwa nalo wote wawili?"

"Tunalo wote wawili, sisi hawa hapa."

"Na likipewa mkate?"

Babu hakuelewa, angeelewaje. Mama ndiye aliyeelewa. Mkono wake ulilegea kwenye wangu. Alikaa chini kwenye majani yaliyomwagika, na gauni lake la Jumapili, akanivuta mbele yake. Aliniuliza tangu lini, nikamwambia tangu Mzee Chilumba alipoagiza wawili. Aliziba mdomo. Kisha akaniambia kwamba wiki iliyopita dereva wa lori alileta salamu za baba, na kabla ya hapo aliwahi kuleta nyingine, na kwamba baba anakohoa kidogo lakini anakula na analala, na ameuliza kama ile kofia nimeitunza. "Sikukwambia kwa sababu hukuuliza," alisema. "Nilidhani umemsahau. Nikaona nisikukumbushe uchungu, nikanyamaza."

Nimewahi kupona malaria mara nyingi. Nimewahi kushuka kutoka kwenye basi lililokosa breki karibu na Mombo. Lakini sijapata tena kusikia mwili ukiachiliwa kama siku ile. Nilikimbia nyuma ya migomba kwa sababu mkojo ulikuwa umenibana tangu bondeni na sikuwa nimeusikia, nikachuchumaa huko nikicheka peke yangu, ukungu ukinipita usoni. Nikasikia bibi, mama yake mama, akitoka ndani, akilia, akicheka, akimwita mama kwa jina lake la utoto. Jioni nilikula makande sahani mbili, na bibi akamuuliza mama kama huko bondeni watoto hawapikiwi.

Tulikaa Mhezi mpaka homa ya mdogo wangu ikaisha kabisa. Babu alipenda kumwita kutoka zizini, "Eliamani," kisha kuitika mwenyewe. Tulipoteremka, mvua zilikuwa zinaishia, na siku chache baadaye, asubuhi, korona ikalia. Nilitoka nje mbio. Mtu wa kwanza kufika hakuwa baba, wala wa pili. Alikuja siku ya nne, amekonda, ana ndevu, mfuko wake ni uleule na ndani yake hamkuwa na jiwe lolote la kuuza.

Aliketi kwenye benchi. Wote walikuwa wanatazamana wakijizuia kucheka.

"Mama Nakundwa," baba alisema, "nipe ule mkate wangu."

"Siku hizi una jina," Mzee Chilumba akamwambia. "Agiza kwa jina, ama utakaa na njaa."

"Unaitwaje?"

Walipomwambia alikataa. Alisema mtu mzima hawezi kujiagiza mwenyewe. Walimng'ang'aniza, yeye naye akang'ang'ana, mpaka mama akamwekea bakuli bila jina lolote. Baba akanyoosha mkono juu ya mlango, kwenye makuti, akapapasa. Akapapasa tena.

"Kijiko changu kiko wapi?"

Nilikwishatoka. Nilifukua kwa vidole, mawe nikayarusha huku na huku, nikakikung'utia kwenye gauni na kukipitisha kwenye ndoo, nikamletea nikihema. Hakuuliza kilikuwa wapi. Alikipokea, akatanua vidole vya mkono wa pili hewani, akala, na mimi nikakaa mbele yake nikitazama kila tonge mpaka bakuli likawa jeupe. Mama akaniletea wangu. Niliumaliza.

Mwaka jana nilipita pale. Kibanda sasa ni cha mama mmoja wa Kigoma, na vijana wa bodaboda bado wanaagiza Mbonea, wenye yai siku hizi. Nilimuuliza mmoja Mbonea ni nini. Akasema ni jina tu la mkate, labda la kampuni. Mwenzake akasema hapana, alikuwa jitu la zamani lililokula kumi kwa mkao mmoja. Sikuwasahihisha.

Lupe alinipa nusu ya mkate wake uliozama. Nilipoumaliza nilimpigia simu baba, ambaye sasa anaishi Mamba na tangawizi zake na meno yake machache. Nilimweleza habari za mkate wa Meksiko, na kwamba mtu aliyeuagiza mara ya kwanza hajulikani hata jina. Alinisikiliza mpaka mwisho. Ndipo nikamwambia na lile lingine, ambalo kwa miaka yote hii hakuna aliyewahi kumfikishia, kwamba nilimzika, na kwamba nilizika kijiko.

"Kumbe," akasema. "Siku ile mkate ulikuwa na udongo. Nilidhani mama yako amesahau namna ya kunipikia, nikaona nisimwaibishe mbele ya watu."

"Ulikula hivyohivyo?"

"Nilikula wote. Wewe ulikuwa umenikazia macho." Nikamsikia akicheka, kisha akikohoa, kisha akicheka tena. "Nakundwa, huyo dada mwulize kama kwao wanatia maharage."